Siku tisa kati ya Malindi na Ngomeni, kutafuta vyombo visivyo na misumari

Mwezi 15, Malindi

Safari hii ya kutafuta vyombo vya kale vilivyozama imepangwa kwa mwezi mwandamo. Bamvua huja mwezi mosi na mwezi kumi na tano. Maji mafu huja karibu na mwezi saba na mwezi ishirini na mbili. Katika pwani ya Malindi, siku za bamvua maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Juma moja baadaye mambo yamepinduka: saa nne ile ile maji yamejaa, na tofauti imeshuka karibu na mita 1. Kwa hiyo anayetaka kukagua ufuko na miamba kwa miguu huanza na bamvua, na anayetaka kuzamia hungoja maji mafu, mkondo ukiwa umelegea. Kuondoka mwezi 15 kunatupa yote mawili katika safari moja.

Ni Machi. Kaskazi inapungua, kusi haijaingia, na mto Sabaki uko chini. Hilo la mto si dogo. Mvua ikinyesha bara, Sabaki hushusha tope mpaka ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mzamiaji haoni mkono wake mwenyewe. Ukipanga kwa likizo za watu badala ya mto, utalipa mabaharia wakae ufukoni.

Vifaa vilikaguliwa leo, na hesabu ya hewa ndiyo iliyoamua mengine yote. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la baa 200 una lita 2,400 za hewa. Baa 50 haziguswi, ni akiba, hivyo zinabaki lita 1,800. Mtu anayefanya kazi taratibu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye kina cha mita 6 hutumia mara 1.6, yaani lita 32. Hizo ni dakika 56. Wazamiaji wanne wakishuka mara mbili kwa siku, ni mitungi minane kila siku, na kompresa lazima iwe karibu. Anayedhani mita 6 ni mchezo akumbuke kwamba hewa ya mapafuni hutanuka kwa asilimia 60 kutoka kina hicho hadi juu. Kuzuia pumzi wakati wa kupanda kunaweza kupasua mapafu hata kwenye maji mafupi namna hii.

Vibali ni viwili: cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kuwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda mabaki ya kale hata yaliyo chini ya maji, na cha wasimamizi wa hifadhi popote chombo kitakapopita ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa 1968. Kazi yetu ni kutazama, kupima na kupiga picha. Hakuna kitakachoinuliwa.

Mwezi 16, Mambrui

Maji yalipwa karibu na saa tano kasorobo. Tulipanga watu sita kwa mstari, hatua tano baina ya mtu na mwenziwe, tukatembea sambamba na ukingo wa maji, kisha tukarudi juu kidogo, penye mstari wa takataka za bamvua. Kila kigae kinapigwa picha pale pale kikiwa na kipimo cha sentimita pembeni, nafasi yake inaandikwa, kinaachwa.

Mambrui ni mahali pa kuanzia kwa sababu mji wake wa kale ulikuwa na mkono mrefu. Kaburi la mnara la hapa lilipambwa kwa bakuli za kauri za Kichina, na mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walipata hapa sarafu ya Yongle Tongbao, iliyotengenezwa zama za mfalme aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Lakini kigae cha kauri ufukoni si ushahidi wa meli iliyozama. Vingi vimeporomoka kutoka mjini, bahari inapokula ukingo. Tazama kingo zake. Kigae kilichotoka nchi kavu juzi kina kingo kali. Kilichokaa baharini kina kingo zilizolainika, na mara nyingi kimeota vijimirija vyeupe vya wadudu wa baharini pande zote mbili. Kikiota upande mmoja tu, kilikuwa kimelala mahali pamoja muda mrefu, na hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Mawe tuliyatazama kwa makini kuliko vigae. Pwani hii yote ni chokaa ya matumbawe. Jiwe jeusi la volkano, au jiwe gumu la matale lenye chembe zinazometa, halina kwao hapa; limeletwa na chombo, likiwa farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo majini. Tahadhari moja: Sabaki hupita bara penye mawe ya volkano, kwa hiyo kokoto ndogo karibu na mlango wake haithibitishi lolote. Jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu ni habari nyingine, maana mto huu haufikishi mawe ya namna hiyo baharini.

Mwezi 17, baharini

Mashua iling'oa nanga Malindi kabla ya alfajiri, maji yakiwa yamejaa. Wakati wa kaskazi, kwenda Ngomeni ni kupiga bisho, kwenda kinyume cha upepo, njia nzima, na ikifika saa tano upepo unakuwa mkali. Injini ilisaidia.

Mwelekeo huu wa upepo ndio uliojenga miji ya pwani. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha. Wareno walifundishwa hilo hapa hapa Malindi: mwaka 1498 walipewa rubani, wakaondoka Aprili 24 na mwanzo wa kusi, wakaiona nchi ya Bara Hindi Mei 18. Waliporudi hawakungoja msimu. Bahari ile ile iliwachukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wengi walikufa njiani kabla ya kuiona Malindi tena, Januari 1499. Meli zilizochelewa msimu ndizo zilizoishia miambani, na hilo hutusaidia kukisia upande wa mwamba wa kutafuta: chombo kilichopigwa na kaskazi na kile kilichosukumwa na kusi haviangukii upande mmoja.

Mwezi 18, Ngomeni

Siku nzima ilikuwa ya mazungumzo na wavuvi, na haikupotea. Swali la "mmeona meli iliyozama?" halifai, kwa sababu hujibiwa ndiyo kwa heshima ya mgeni. Maswali yenye faida ni ya kazi yao wenyewe. Nyavu hunasa wapi penye mchanga mtupu? Chubwi, uzito wa mshipi, ikigonga chini hutoa sauti gani? Wapi hupatikana chewa wakubwa mahali pasipo na mwamba? Wavu ukinasa kwenye mwamba hapana la ajabu. Ukinasa mchangani, mwaka baada ya mwaka, kuna kitu kimelala.

Mzee mmoja aliyevua kwa jarife, ule wavu mkubwa, maisha yake yote alitupa mahali patatu, kila pamoja kwa alama za nchi kavu: mvinje ulingane na pembe ya jengo, na upande wa pili mguu wa jukwaa la zamani la kurushia roketi, lile la Waitaliano katika ghuba ya Ungwana, ulingane na ncha ya rasi. Mistari miwili ikikutana kwa pembe karibu na mraba, kosa ni mita chache. Ikikutana kwa pembe nyembamba, kosa linafika mita mia. Alama huoza: miti hukatwa, majengo hubomolewa. Dawa ni kwenda na mwenye alama chomboni, yeye aseme "hapa", nasi tuandike nafasi ya GPS na saa ya siku. Alama zenyewe hatuziandiki katika simulizi hii, wasije wakazifuata wanaotafuta cha kuuza.

Mwezi 19, magnetometa

Magnetometa ni chombo kinachokokotwa majini kupima mabadiliko ya nguvu ya sumaku ya dunia. Chuma kikiwa chini, namba hupanda au kushuka. Ilivutwa mita 30 nyuma ya mashua ili isisome injini yetu, mwendo noti 3 (maili 3 za baharini kwa saa), mistari ikiachana mita 10. Mistari haiwezi kuachana zaidi, kwa kuwa ukiongeza umbali mara mbili, ishara hupungua mara nane. Tani moja ya chuma kwa mita 10 huonekana wazi. Kwa mita 20 inakaribia kupotea katika kelele za kawaida.

Matatizo ya leo yalikuwa ya maji mafupi. Kebo ilizama tulipokata kona, na chombo kikagusa mwamba mara mbili. Tulikifungia boya kwa kamba ya mita 2, kikabaki juu. Kona zikapigwa pana, na data zote za kwenye kona tukazitupa, kwa sababu hapo chombo hakiko nyuma ya mashua tena, na nafasi inayoandikwa ni ya uongo.

Ishara tatu kali zilipatikana. Mbili zilikuwa nanga za kisasa za chuma, ya tatu bomba. Hakuna hata moja iliyoangukia mahali pa yule mzee.

Hapa pana jambo zito kuliko makosa ya kebo. Magnetometa haioni shaba, haioni pembe za ndovu, wala haioni mbao au kamba. Inaona chuma: mizinga, nanga, misumari. Kwa maneno mengine, inaona meli za Ulaya. Mtepe, chombo cha tanga cha Wabajuni na cha visiwa vya Lamu, haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba zilizopitishwa matunduni, matundu yakazibwa kwa vigingi vya mti, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka. Vyombo vya kushonwa vimetajwa katika pwani hii tangu karne ya kwanza, kwenye Periplus, mwongozo wa Kigiriki wa mabaharia, na jina la bandari ya kale ya Rhapta lilitokana navyo. Mtafutaji akikokota magnetometa peke yake pwani nzima, ataandika historia ya Wareno na kuiita historia ya bahari yetu. Miaka elfu moja na zaidi ya Waswahili itapita chini ya kebo yake kimya.

Ndiyo maana neno la mvuvi tunaliweka mbele ya mashine. Wavu hunaswa na jiwe kama unavyonaswa na chuma.

Mwezi 20

Upepo. Hakuna aliyezamia. Tulitumia bildi, uzito wa kamba wa kupimia kina, pembezoni mwa ghuba, chini yake ikiwa imepakwa shahamu ili ilete mchanga wa chini, kama manahodha walivyofanya kabla ya mashine. Kila kina kiliandikwa na dakika yake, kisha kikarekebishwa kwa jedwali la maji. Kina kisicho na saa hakifai kitu mahali ambapo maji hupanda na kushuka mita 2 kwa siku.

Mwezi 21, mahali pa kwanza pa mzee

Kujaa kulikuwa karibu na saa tatu. Kina mita 7, mzamiaji aliona mita 5 mbele yake. Tulitafuta kwa duara: uzito katikati, kamba yenye fundo kila mita 4, mzamiaji ameshika fundo la kwanza na kuzunguka mpaka arudi penye kigingi cha kuanzia, halafu fundo linalofuata. Mafundo huachana kidogo kuliko upeo wa macho, ili kila kipande cha chini kitazamwe mara mbili. Kamba hunasa kwenye matumbawe, na ikinasa duara hupinda bila mzamiaji kujua. Kijiboya kidogo katikati ya kamba huinyanyua.

Fundo la tatu lilifika kwenye lundo la mawe meusi ya mviringo, mita 4 kwa 3, likitokeza juu ya mchanga kwa kiganja kimoja. Baina ya mawe kulikuwa na vigae vinene vya kasiki, ile mitungi mikubwa ya udongo. Hakuna chuma kilichoonekana, na juzi mashine ilinyamaza.

Je, ni chombo? Lundo la farumi lina maana mbili. Vyombo vilivyokuja vitupu kuchukua boriti za mikoko vilimwaga mawe yao penye maegesho ili vipate nafasi ya shehena, na lundo la namna hiyo ni la kawaida. Lililomwagwa huwa kama chungu, limetawanyika kuelekea upande mmoja, halina kitu chini. La chombo kilichozama huwa refu kuliko upana wake, hufuata mstari wa mkuku (uti wa chini wa chombo), na chini yake, mahali pasipofikiwa na hewa, huenda mbao zimebaki. Letu halijielezi bado. Vigae vya kasiki vinavutia, lakini kasiki huvunjika pia kwenye vyombo visivyozama. Kulichimbua kujua ni kuharibu jibu lenyewe, kwa sababu mbao zilizozikwa karne nyingi zikifunuliwa, vidudu vitobozi huzimaliza upesi. Vyombo vya Lamu vilipakwa deheni (mchanganyiko wa chokaa na mafuta) na sifa (mafuta ya papa) kwa ajili ya adui huyo huyo.

Tulipima, tukapiga picha, tukaacha.

Mwezi 22, meli ya Ngomeni

Leo maji yalikuwa yamekufa kweli, kujaa kama saa nne kasoro, na tukaenda kukagua hali ya meli inayojulikana. Iko yapata nusu kilomita kutoka ufukoni, kina mita 6 hivi, imemezwa na matumbawe. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, wakiongozwa na Caesar Bita, waliitambua mwaka 2013 kwa msaada wa wavuvi. Shehena yake ilikuwa na shaba nyekundu katika vipande vya mviringo viitwavyo mikate, na pembe za ndovu. Watafiti wamependekeza kwamba huenda ni São Jorge, meli ya msafara wa tatu wa Vasco da Gama, iliyopotea mwaka 1524. Ni pendekezo, na litathibitishwa au kukanushwa na mbao: aina ya mti, unene wa mataruma (mbavu za chombo), jinsi yalivyofungwa kwenye mkuku. Mfano wa karibu ni Bom Jesus, iliyopotea mwaka 1533 na kupatikana Namibia mwaka 2008 ikiwa na zaidi ya tani 15 za shaba na pembe zaidi ya mia.

Shaba imefanya kazi mbili hapa. Uzito wake umekandamiza mbao mchangani, na chumvi zake, ambazo ni sumu kwa vidudu vitobozi na bakteria, zimezilinda. Ndiyo maana kung'oa mkate mmoja wa shaba ni kosa maradufu: unaiba kitu, na unafungua mlango kwa wanaokula chombo chenyewe.

Kuitambua shehena chini ya matumbawe kunataka jicho lililozoea. Rangi ya kijani husaidia, lakini mwani nao ni wa kijani. Kinachosaidia zaidi ni umbo linalojirudia. Mwamba haufanyi vitu vitano vya mviringo vyenye ukubwa mmoja vikiwa vimepangana. Pembe ya ndovu hufanana na tawi la tumbawe lililokufa mpaka uone mkunjo wake mrefu usio na matawi.

Vipimo vilichukuliwa kutoka vituo sita, misumari ya chuma kisichoshika kutu iliyopigiliwa kwenye mwamba mfu, kamwe si kwenye tumbawe hai. Kila kitu hupimwa kutoka vituo vitatu, si viwili, kwa sababu vipimo viwili hukubaliana hata vikiwa na makosa. Cha tatu ndicho kinachofichua. Vituo viwili vikiwa karibu mno, au kitu kikiwa kwenye mstari mmoja navyo, kosa dogo la utepe huwa kubwa la nafasi. Futikamba nayo hupindwa na mkondo na kusoma urefu wa ziada. Tulijiwekea ukomo wa mita 15 na kupima katika ile nusu saa ambayo maji yamesimama. Kipimo kimoja kilipishana na vingine kwa sentimita 40. Mzamiaji alikuwa amesoma kituo 4 badala ya 1, kwa sababu kibandiko kilikuwa kimeota mwani. Sasa vibandiko vimechongwa kwa kisu na kupigwa brashi kabla ya kila kipimo.

Mwandishi chini ya maji hutumia penseli ya kawaida kwenye karatasi ya plastiki. Penseli lazima ifungwe kwa uzi kwenye ubao, na ya akiba ifungwe kando yake.

Mwezi 23

Picha za kuunganishwa kuwa umbo la pande tatu zilipigwa saa moja na nusu asubuhi. Kwenye mita 6, jua la mchana hutembeza mistari ya mwanga chini kama wavu, na kompyuta huchanganyikiwa kwa sababu picha mbili za mahali pamoja hazifanani. Jua likiwa chini, au wingu likipita, mistari hiyo hufifia. Mpiga picha aliogelea mita 1.5 juu ya chini, kwenda na kurudi kama anayelima, kisha akarudia kwa kukata njia za kwanza. Kila picha iliingia ndani ya jirani yake kwa robo tatu. Vipimo vinne vya mita 1 viliwekwa ndani ya eneo ili umbo lipate ukubwa wake wa kweli, na ubao mweupe ulipigwa picha kila baada ya dakika kumi, maana rangi nyekundu hupotea mapema majini na lazima irudishwe kwa hesabu.

Picha 1,140 ziko salama, nakala mbili, kila moja ndani ya chombo chake. Ripoti ya lundo la mawe inapelekwa Makumbusho pamoja na nafasi yake, na wavuvi wa Ngomeni wameelezwa ni wapi wasitupe nanga. Mahali pawili pa mzee hapajatazamwa. Pa pili pana kina cha mita 11 kwa maneno yake, mchanga mtupu, na wavu umenasa hapo tangu zamani za baba yake. Tunarudi maji mafu yajayo, mwezi 7, kabla ya masika kujaza Sabaki.